Gari la Viti Viwili Ukweni

Mwanangu Shija amemmwagia mkwe wake tope kuanzia kilemba hadi kiunoni, kwa gari lenye mbio kuliko yote yaliyowahi kuingia Bariadi, na mazungumzo ya mahari yamevunjika.

Nimeshalitoa la moyoni. Sasa ndiyo niandike kwamba leo ni Jumatatu, mvua imekatika tangu jana, jua linachoma, na mimi nina hasira tangu nilipofumbua macho.

Hasira na gari. Hasira na Shija. Hasira na majirani wanaopita mbele ya nyumba yangu polepole kama wamepoteza sindano. Ya nne nitaiandika huko chini, maana hiyo inauma zaidi.

Kwa wasionijua, mimi ni mama niliyezaa mapacha, Kulwa na Doto, kisha nikamzaa Shija, anayefuata mapacha, kama jina lenyewe linavyosema. Nimesoma hadi darasa la saba, na Doto ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni akanifundisha kubonyeza. Watoto wangu wote wana akili. Sijisifu, waulizeni walimu wao.

Lakini Shija ndiye aliyepaa. Mimi ni mtu wa zama za kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Biashara zilipoachiwa huru, wengine walikaa wakishangaa, yeye alipanda baiskeli akaanza kununua dengu na choroko vijijini. Baiskeli ikawa pikapu, pikapu ikawa lori, lori likampeleka Dar es Salaam. Nyumba hii ninayoandikia, bati lake ni la Shija. Saruji yake ni ya Shija. Nani mwingine mtaa huu anaweza kusema hivyo?

Basi Ijumaa likashushwa lile gari hapa mjini, limebebwa mgongoni mwa lori.

Hapo tu ningeshtuka. Gari la kukimbia kuliko magari yote, linakuja limebebwa.

Ni la njano, limelala chini kama kenge. Jina lake ni la Ulaya huko, sijui kulitamka. Milango inafunguka kwenda juu kama mbawa za kuku anayepigana. Injini iko nyuma ya mgongo wako, inanguruma hadi meno yanacheza. Saa ya spidi imeandikwa mpaka mia tatu na zaidi. Viti viwili. Buti liko mbele, linameza begi moja likashiba. Nilikuwa na kuku wawili wa kupeleka ukweni, mmoja akaingia humo, wa pili nikampakata.

Nikiri kitu. Nilipoliona nililia kwa furaha. Niliita mtaa mzima. Nilisimama pembeni yake kupigwa picha hadi Doto akachoka. Mama mmoja jirani aliniuliza hilo gari linabeba magunia mangapi ya pamba, nikamjibu kwamba hilo halibebi pamba, linabeba wenye pamba. Watu walicheka, nikaona nimeshinda.

Safari yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenda kwao Minza, binti anayetaka kuolewa na Shija. Kwao ni ndani ya Dutwa, unaacha barabara kubwa unaingia mashambani. Msemaji wetu ni kaka yangu Maduhu, mjomba wa Shija. Alikuwa ameshaomba pikapu ya jirani, imechakaa lakini inaingia watu wote, wazee na kina mama na kuku wao. Mimi nikakataa. Nikasema mwanangu hawezi kufika ukweni ndani ya chuma kinachokohoa. Maduhu akalitazama gari la njano, akaniuliza kwa upole, na upole wake huwa unaniudhi.

"Dada, lina viti viwili. Mahari inazungumzwa na watu wangapi?"

Nikamwambia watangulie na baiskeli zao, tutawapita njiani.

Ni kweli tuliwapita. Kwenye lami Shija alikanyaga mara moja tu, nikaona miti ya pembeni imekuwa ukuta, kuku akaninyea mapajani. Sekunde chache. Kisha tuta. Kila tuta tulisimama, tukalipanda kwa ubavu kama mgonjwa anayepanda kitanda, na chini panakwaruza. Kisha mbuzi. Kisha kundi la ng'ombe. Kisha baiskeli za magunia. Kwa mwendo ule Maduhu alikuwa anatukaribia, nilimwona kwenye kioo.

Tulipoiacha lami tukaingia udongo wa mbuga. Anayeijua mbuga yetu baada ya mvua haulizi. Ni udongo mweusi unaoshika kama ugali mbichi. Gari likaenda kidogo, likalalia tumbo.

Wakatokea wanawake kutoka shambani, walikuwa kwenye palizi ya pamba, majembe begani. Walikuwa sita au saba. Shija akashuka na viatu vyake vyeupe, akawaomba wasukume. Wakasukuma. Yeye akarudi ndani, akawa anawaambia kupitia dirishani wakaze, mama wewe wa katikati usilegee, sukuma mama. Akakanyaga mafuta.

Gari lenye nguvu zote hizo, magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale. Tope likaruka kama limemwagwa kwa ndoo. Likampata yule wa katikati.

Mwanangu ana moyo mzuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Aliruka nje na leso yake, akamshika yule mama bega, akaanza kumfuta uso.

Wale wengine wakageuza nyuso pembeni. Mama yule akarudi nyuma hatua moja, akasema taratibu, bila kumtazama:

"Acha, baba. Mimi ndiye mama yake Minza."

Nieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu kijana humpisha mkwe wake wa kike njia nzima. Akimwona anakuja, anakata kona. Hampi mkono, hamwagizi kitu, hamtazami machoni. Shija wangu alimwamuru, akamlowesha, kisha akamfuta uso kwa mkono wake. Yote hayo kabla hata ng'ombe mmoja hajatajwa.

Wanawake waliokota majembe yao wakaondoka. Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana.

Maduhu alipofika na wenzake kwa baiskeli, alivua viatu akaenda peke yake hadi kwa wakwe. Alikaa huko muda mrefu. Akarudi na kauli ya baba yake Minza: leo hakuna mazungumzo. Binti hajakataliwa, lakini kwanza aletwe ng'ombe wa kumwosha mkwe, aje kwa kuswagwa na si kwa gari la aina yoyote, na ukoo wetu uje mzima. Tusipofanya hivyo, Minza ana mchumba mwingine anayesubiri. Gari lilivutwa na trekta jana. Sasa liko uani, limefunikwa turubai, na kuku wanalala juu yake.

Leo asubuhi Shija alikuja kunielezea kwamba kosa si la gari, ni la barabara. Kwamba linatoka kwenye sifuri mpaka mia kwa sekunde tatu.

"Kwenda wapi, ng'wana wane?" nilimuuliza mwanangu kwa lugha yetu.

Nikamhesabia kwa vidole. Sokoni ni mwendo wa miguu. Kisimani haliingii. Mgonjwa haliwezi kumlaza, gunia haliwezi kulibeba, wazee wawili haliwachukui kama dereva naye anataka kukaa. Mafuta yake mpaka yaagizwe Mwanza. Akasema, "Mama, ni la heshima." Nikamwambia heshima tuliiacha Dutwa, imekauka kwenye kanga ya mkwe wako.

Akainama. Ni mtu mzima, lakini nilimwona machozi. Anampenda yule binti. Wala si kwa mchezo.

Sasa ile hasira ya nne.

Mimi sikushuka. Wanawake walipotokea shambani, kazi yangu ilikuwa moja, kushuka, kupiga goti, kuwasalimu mwadila, kuuliza wao ni wa kwa nani. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa salamu moja tu ningejua aliyesimama mbele yangu, na Shija angekimbilia kichakani kama anavyopaswa. Badala yake nilikaa ndani na kuku wangu, nimevaa kitenge kipya, nimenyoosha shingo. Nilijiambia ni kwa sababu ya tope. Uongo. Nilitaka wanione nimekaa.

Gari halina mdomo. Mimi ninao, na nikaufunga.

Nimeshamwambia Shija atafute mtu wa Dar wa kulinunua, na kama hakuna, libaki humo humo chini ya turubai. Ng'ombe nimemchagua mwenyewe leo, mtamba mweusi mwenye baka jeupe, na hata wanaonichukia watakubali kwamba ng'ombe wangu ni wazuri. Shija atamswaga kwa miguu, viatu vyeupe avue. Mimi nitatangulia mbele, na atakayeanza kupiga goti ni mimi.

Kaka Maduhu, dada zangu wa Ngulyati, Kulwa, Doto, wake zenu na waume zenu, msiseme hamkuambiwa. Tunaondoka hapa nyumbani alfajiri, kwa miguu, na Dutwa wanatusubiri sote Jumamosi.