Vidonge Nilivyovisaga Katika Dawa Yako

Mama Mkubwa,

Ulinilea Igamba baada ya mdogo wako, mama yangu, kufariki, ukanisomesha kwa kahawa yako, na mimi ndiye niliyekuharibia jina. Madaktari hapa Tunduma hawaniandikii dawa mpya tena. Sitaki kufa kabla sijasema.

Serikali ilipotaka dawa za kienyeji zipimwe kwenye maabara, ulifurahi. "Wakapime. Watu wanapata usingizi kwa dawa yangu, na hao wapimaji wataona kwa nini." Ukanikabidhi unga wa magome yako niufunge upelekwe maabara, kwa kuwa nilikuwa mtoa dawa wa zahanati.

Sikuiamini dawa yako, Mama. Nilikuwa nimesoma. Niliogopa wataalamu wakute magome matupu, wakucheke, na mimi nichekwe pamoja nawe. Nikasaga vidonge vya usingizi vya zahanati, nikavichanganya humo. Nilidhani wangesema tu kwamba dawa ina nguvu.

Majibu yakasomwa kwenye ofisi ya kijiji, watu wamejaa hadi nje. Afisa aliyeyasoma akakutazama: "Mama, humu mna dawa ya hospitali. Unawalewesha wananchi."

Ulicheka kwanza. "Mimi? Hospitali yenyewe naijua mlango tu." Kisha ukanigeukia. "Aliyefunga ni huyu mwanangu. Waambie, baba."

Nikasema, "Mimi nilifunga nilichopewa."

Ulikaza kitenge chako, ukatoka. Magome yako wakayachoma. Kisimani wanawake wakawa wanakuuliza, "Mama Vidonge, leo unabandua magome au unanunua vidonge?" Mke wa dereva mmoja wa Tunduma, aliyekosa usingizi tangu afiwe na mtoto, alikuja akalia mlangoni kwako. Ukamrudisha. Hukumpa mtu dawa tena, wala hukumwonyesha mtu ule mti wa magome. Mimi uliendelea kunipakulia chakula, hukuniuliza lolote mpaka tukakuzika. Afadhali ungenitukana.

Jumapili hii wajukuu watanipeleka Igamba. Nimeomba barua hii isomwe baada ya ibada, nami niwekewe kiti mbele, watu wanitazame usoni. Waliokucheka wengi wamekufa, lakini watoto wao bado wanalitaja lile jina la kisimani wakipita penye kaburi lako. Waniite mimi hilo jina, kwa siku zilizobaki.

Msamaha sikuombi. Lala, Mama.

Mwanao,
aliyeifunga dawa