Maneno ya Chini ya Mstari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na kazi za huko. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba mtoto sasa ana meno ya kutosha kuwauma wote wawili. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa. Mzee yupo, lakini ana lake moyoni, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuona stempu kutoka kwangu, mimi niliyewacheka miaka yote wanaolamba bahasha. Kaka, ule ubao wangu wa barua unafungwa. Kuna kampuni imeleta intaneti ya moja kwa moja hapa mjini, na wanachama wananihama kwa adabu, mmoja mmoja. Daktari wa mifugo alikuja mwenyewe kuniaga, kama mpangaji anayerudisha funguo.

Hukuwahi kuuona, maana niliuanzisha ulipokwisha kuondoka. Ni kompyuta moja na modemu moja kwenye meza ya pembeni ya karakana ya Mzee, katikati ya taipureta zilizopasuliwa matumbo. Watu thelathini na wanne walikuwa wakiupigia simu kwa zamu kutoka kwenye kompyuta zao na kuacha barua. Kila alfajiri mashine yangu ilizifunga zote furushi moja, ikaupigia ubao mkubwa wa mji mwingine. Mwenye ubao huo tulimwita Daraja, kwa kuwa ndiye aliyezivusha barua zetu hadi kwenye intaneti, na za kwako akazileta kwa njia hiyo hiyo. Jibu likirudi baada ya siku mbili tulijiona tumeruka angani.

Mzee mwanzoni alisema modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kwamba hataki kuhusika nayo. Kisha ikaja barua yako ya kumwomba radhi kwa yale mliyotupiana siku ulipoikataa karakana. Siku hiyo hiyo aliniambia nimpishe kitini. Alivigonga vitufe kama alivyozoea kugonga taipureta miaka thelathini ya ukarani, kabla hajafungua karakana, nikaihurumia kibodi, na kila alipoandika alinituma nje nikachemshe chai. Mimi nami nilikuwa na kiapo cha wenye ubao: barua ya mtu haisomwi.

Wewe ulipokea nini? Kwamba paa limezibwa, dawa ya Mama imepatikana, mjomba alipita akala akaondoka. Mwaka jana uliniandikia kwamba Mzee anakujibu kama ofisi ya maji, kwamba ni wazi hajakusamehe, na kwamba hutaandika tena. Ukanyamaza kweli. Tangu hapo kila asubuhi ananitangulia karakanani na kuniuliza kama furushi limeleta chochote. Nikimwambia bado, anaitikia kwa kichwa, kisha anaanza kupaka mafuta taipureta ambayo hakuna aliyeileta.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa hesabu alinilalamikia kwamba barua zake zenye majedwali zinafika nusu. Nilijaribu, nikaona ni kweli, nikamwuliza Daraja. Alinieleza kwamba kwenye mtandao wetu vistari vitatu vikikaa peke yao kwenye mstari, ni alama kwamba barua imekwisha na chini yake kuna chapa ya mashine tu. Basi mashine yake ilikuwa ikikata kila kilicho chini ya vistari kabla ya kuivusha barua.

Wewe unamjua baba yako. Tangu tukiwa wadogo, hata akiandika kikaratasi cha kumwagiza Mama sukari, mambo ya kazi yanakaa juu, anapiga mstari, ndipo chini anaandika yaliyo moyoni. Ofisini walimfundisha hivyo, na hajaacha; kwenye kibodi mstari wake ni vistari vitatu. Nakala zote zilikuwa kwenye diski yangu. Nilikivunja kiapo nikazisoma, barua kumi na moja. Paa na dawa na mjomba vilikuwa juu ya mstari. Wewe ulikuwa chini.

Utaniuliza niligundua lini. Kaka, ni miezi minne sasa.

Sikukuambia, na Mzee sikumwambia. Katika barua karibu zote alikuomba urudi uichukue karakana, uigeuze utakavyo, hata uijaze kompyuta. Mimi nimekaa humo miaka mitano nikifanya hilo hilo mbele ya macho yake, na jina langu halimo hata mara moja. Niliumia. Nilikuonea wivu, nisikufiche. Nilijiambia kosa ni la mashine, na mimi sikumkata mtu maneno. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekula ni mimi.

Wiki iliyopita Mzee aliniomba nimfundishe namna ya kujua kama barua imetupwa bila kusomwa. Alisema wewe hakulaumu, ila angependa tu kujua kama aache kuandika. Niliingia stoo nikalia mpaka Mama akaja kugonga.

Nimekuwekea humu barua zake zote kumi na moja, nzima. Anza na ya mwisho, ile anayosema alikosea siku ile, na kwamba ulikuwa mwanawe kabla hajakutaka uwe fundi wake. Ya karakana mtajuana ninyi wawili; sikuandika ili unionee huruma. Barua hii naiposti leo, na Mzee nitamweleza kesho, nikishakuwa na hakika kwamba haiwezi tena kunirudia mkononi. Usiogope, atanifokea, na nastahili.

Mpe wifi salamu zangu, umbusu mtoto mashavu yote mawili. Mama anasema ule vizuri. Na ukipiga simu, Kaka, usiniulizie mimi. Mwulizie yeye.

Ni mimi mdogo wako, mkosaji wako,
Kidomo