Mtambo wa Nafula Umekataa Kula

Jumatatu, 9 Februari
Nimelisha mtambo wa gesi asubuhi. Maganda ya viazi, majani ya kabeji kutoka soko la Kitale. Yanaoza humo shimoni, moto unakuja jikoni. Ilikuwa kazi ya mke wangu, Nafula. Tulimzika Jumamosi.

Jana nilimimina humo mabaki yote ya matanga. Wali, maharagwe, nyama na mafuta yake. Kutupa chakula cha matanga ya Nafula sikuweza. Nikajiona mtu wa maana.

Silii. Nimekufa ganzi tu.

Jumatano, 11 Februari
Moto umefifia, umezima. Shimo linanuka uchachu. Kaka yangu Kamau amepita. "Fukia hiyo takataka bana, upike na kuni kama watu." Ati Jumapili analeta majembe.

Sikubishana. Lakini sitaki. Wiki hii nimefukia vya kutosha.

Ijumaa, 13 Februari
Nimempigia Nekesa, dada ya Nafula, huko Kanduyi. Amecheka. "Shemeji, si uliulisha kama mgeni wa harusi! Tumbo limechacha. Usiulishe tena. Kuja uchukue tope la mtambo wa mama, lina vijidudu hai, litauamsha."

Yaani nikamwombe mama mkwe mavi ya ng'ombe. Umri huu.

Jumamosi, 14 Februari
Kanduyi. Desturi yao, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Mimi Mkikuyu wa Kiminini nimeifuata miaka yote. Nusu heshima, nusu woga. Nimesimama langoni na mtungi, uso nimeugeuzia ua wa michongoma. Mama yuko nyuma ya jikoni. Nekesa katikati akipeleka maneno, ingawa tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwulize mkwe, kwani binti yangu hakumfundisha?"

Nikasema, mwambie mama alinifundisha, mwanafunzi ndiye mzito.

Halafu sauti. Kucheka au kulia, sijui. Sikugeuka. Nekesa aliniletea mtungi umejaa. Ati mama amekataa kusaidiwa, amechota mwenyewe.

Jumapili, 15 Februari
Nimemimina tope. Hakuna kitu.

Kamau alikuja na majembe. Nimemwambia hapana. Sijawahi kumwambia hapana, yeye ndiye mkubwa. Ameniangalia kama mgonjwa. Ameenda na majembe yake.

Jumatatu, 23 Februari
Bado. Nafungua, nawasha kiberiti, nafunga. Jirani ananiletea chai kwa thermos. Nasema ni tamu. Sisikii ladha.

Alhamisi, 26 Februari
Shimo limeacha kunuka. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 1 Machi
Umeshika. Moto mdogo, wa buluu.

Nikaweka maji. Yalipochemka ndipo nikaona sijui Nafula anaweka wapi majani ya chai. Sikutafuta. Nimekunywa maji moto, kikombe kizima, nimesimama hapo hapo kando ya jiko.