Radhi za Mama kwa Mkono Wako

Liverpool, Uingereza
Mfunguo Saba

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa nililelewa kuamkia wakubwa, na aliyenilea unajua wewe yuko wapi. Mimi nimejua juzi tu. Hali yangu ni njema, na ninaposema njema ninao ushahidi wa hospitali, utausoma huko mbele. Sikuulizi hali ya Mama. Tangu Ramadhani nimekuuliza katika kila barua, na kila barua ukanijibu hajambo, ni miguu tu inamsumbua.

Nilikuwa natoka dukani na mkate kwapani. Karibu na lango la bandari nikamwona Shomari, yule mtoto wa fundi cherehani wa Kerege, siku hizi ni mpishi katika meli ya mizigo. Nilifurahi kumwona mtu wa kwetu, nikaanza na utani wa zamani. Yeye hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Pole sana, kaka, kwa msiba wa Mama. Tulimzika vizuri."

Nikamuuliza mama wa nani. Hapo akaona kwamba sijui, na maskini akataka kuniaga. Nilimbana mpaka akasema yote. Mama alizikwa katika kumi la kwanza la Ramadhani, baada ya homa fupi, na wewe ndiwe uliyekuwa naye. Shomari alisaidia kubeba jeneza, kisha akaondoka na meli yake. Ndiyo maana hakujua kwamba baadaye mji mzima uliambiwa ufunge mdomo.

Dada, kumi hilo hilo la Ramadhani ndipo nilipoanguka ghalani nikiwa na gunia begani. Nilikuandikia nikiwa kitandani kwamba moyo umenishika vibaya, na nikamwomba Mama radhi, maana niliondoka Bagamoyo bila kuzipata. Alitaka nimwoe binti wa Mjomba kule Kiwangwa, mimi nikapanda meli. Siku ya safari nilibisha hodi mlangoni pa chumba chake mpaka nikaona haya mbele ya majirani, na hakuitika. Sijutii kuondoka, wala sikuandika kujuta. Niliandika kwa sababu niliogopa kufa na mlango ule ungali umefungwa.

Nawe ukanijibu baada ya Idi. Uliandika kwamba ulimsomea barua yangu siku ya Idi Mosi, wageni walipokwisha kutoka, akalia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akasema, "Mwambie huyo mkaidi wangu nina radhi naye, duniani na akhera." Barua hiyo niliiweka chini ya mto. Nesi akija kubadilisha shuka nilimsihi airudishe pale pale. Kumbe mwenye radhi alikuwa ardhini hata kabla barua yangu haijafika kwenu.

Najua utasema nini. Utasema Mjomba aliwakataza, eti moyo wangu mbovu, habari itaniua. Basi sikiliza habari za moyo huo mliouhurumia.

Mara ile ya kwanza daktari alinieleza kwamba moyo ni nyama. Mshipa wake ukiziba, kipande cha nyama hiyo hukosa damu na kufa, na kikifa humwaga vitu vyake katika damu ya mwili. Kwa hiyo wanakuchoma sindano, wanachota damu, wanapima. Vitu hivyo vikipanda wanajua kuna kipande kimekufa, na wanaweza kukisia ukubwa wake. Baada ya siku chache damu inasafika, utadhani halikutokea jambo. Moyo wenyewe haurudi kama zamani. Mahali palipokufa panafanya kovu, na kovu halipigi. Sehemu iliyobaki inabeba kazi ya zote mbili, inatanuka, inachoka. Alinionyesha picha ya kifua changu, moyo umetuna upande mmoja.

Juzi, Shomari alipokwisha kusema, kifua kilinibana pale pale barabarani. Akaniitia gari nikapelekwa hospitali ile ile. Walichota damu nilipofika, wakachota tena asubuhi, na kesho yake tena. Nami nililala nikitaka damu ile iseme kitu. Ndiyo, Dada, nilitaka. Nilitaka kipande kingine kiwe kimekufa, ili Mama awe ameacha alama ndani yangu. Daktari akaja anatabasamu, akasema, "Damu yako ni safi. Hakuna kipya kilichokufa." Nikageukia ukutani nikalia kama mtoto, naye akadhani nalia kwa furaha.

Kwa hiyo habari haikuniua. Mlinificha bure. Kwa huruma yenu nimekuwa nikimwombea afya na umri mrefu mtu aliyekufa, kila swala, na sikumsomea hata Yasini moja. Na ile shali ya sufi niliyomtumia kwa Idi Kubwa, uliyoandika kwamba aliivaa kwenda kwenye maulidi akasifiwa na wenzake, anaivaa nani? Kama ni wewe, ivae. Najua itakutosha, hata sauti ya Mama imekutosha.

Sasa nina swali moja tu. Neno hilo "mkaidi wangu" hukulibuni wewe, Mama ndiye aliyekuwa akiniita hivyo tangu utotoni. Lakini je, alilisema katika homa ile? Alinitaja? Kama alinitaja kwa hasira, niandikie ni kwa hasira. Kama hakunitaja kabisa, niandikie hivyo pia, na damu yangu itapimwa tena, imekwisha zoea. Usinipe huruma. Huruma yako nimeionja.

Nisalimie Mjomba, mkuu wa ukoo na mkuu wa kunyamaza. Nisalimie shemeji, mumeo, aliyekuwa akipeleka barua zako posta akijua zimebeba nini. Nisalimie na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili aliyemwosha Mama, yeye peke yake namshukuru.

Jambo la mwisho. Naishi chumba kimoja na Bakari, mtu wa Tanga, ambaye tangu niugue ndiye anayeniandikia bahasha. Hati yake na yangu hazitofautiani, wewe mwenyewe hujawahi kugundua. Nimemwagiza kwamba siku nikifa asiwape habari. Aendelee kuwaandikia kwa jina langu, kwamba sijambo, kifua tu kinanisumbua kidogo, na kwamba nawasalimu wote. Amekataa, nimembembeleza, mwishowe amekubali.

Kwa hiyo usikawie kunijibu kuhusu radhi. Jibu sasa hivi, wakati ungali una hakika kwamba atakayesoma ni mimi.

Mdogo wako mkaidi,
Athumani