Mstari wa Kumi na Moja

Mama yangu mpenzi,

Ni Nekesa wako anakuandikia kutoka Eldoret, nikiwa nimejifunika lile blanketi ulilonipa, maana baridi ya huku haina huruma. Goti lako likoje? Kaka Wandera aliniambia umeanza kwenda kanisani bila fimbo, nikafurahi hadi nikamwambia jirani ambaye hata hakujui. Na ile mihogo ya karibu na mto, maji hayakuichukua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kifua kilinibana wiki mbili mvua ilipoanza, lakini sasa kimefunguka.

Ile siku tulipoongea kwa simu uliniuliza, "Mwanangu, mtu anakaa mbali hivyo miaka mitatu kwa sababu ya kukunja karatasi?" Nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila ni refu, haliwezi kutoshea kwa simu. Na kwa vile siku hizi unajisomea mwenyewe tangu umalize darasa la watu wazima la gumbaru, nimeona niliandike.

Unajua duka letu ni la kuchapisha. Madam Jebet, mwenye duka, ndiye anayepanga maneno kwenye kompyuta: hapa kichwa, hapa picha, hapa herufi ndogo. Mashine inachapa, mimi nakunja, nabana pini, nafunga mafungu. Kwa miaka hii yote nilidhani karatasi ni karatasi. Mradi maneno yako ndani, mtu atasoma.

Mwezi uliopita alikuja afisa wa nyanjani wa chama kimoja cha wafugaji, kijana mpole anayeitwa Kiprono. Alitaka tumchapie tena kile kipeperushi cha dawa ya kupe, hii ya kunyunyizia ng'ombe. Madam alikuwa ameshafungua mafaili yake kwenye kompyuta, Kiprono akasema kwa sauti ya chini, "Kuna Gogo mmoja kule Chepsaita alikuwa hospitalini. Aliweka maji ya kunywa kwa mtungi uliokuwa na hiyo dawa."

Gogo ndivyo wanavyomwita nyanya huku. Madam akauliza, "Hakuwa na kipeperushi?"

"Alikuwa nacho. Amekibandika ukutani."

Madam akaondoa mkono kwenye kompyuta. Mama, kipeperushi kile alikipanga yeye, na nilikikunja mimi. Nilikumbuka hata wino wake mwekundu ulivyonichafua vidole.

Kesho yake tulifunga duka, Kiprono akatupeleka Chepsaita. Gogo alitupokea vizuri, akatupa chai, ingawa mkono ulikuwa bado unamtetemeka. Karatasi yetu ilikuwa ukutani kando ya kalenda, imebandikwa kwa uangalifu kama picha ya harusi. Madam akamwomba atusomee. Gogo akasimama mbele yake akasoma jina la chama, herufi kubwa kama za bango. Akasoma jina la mwenyekiti chini ya picha yake, ambayo ilichukua karibu nusu ya ukurasa. Akasoma "MUHIMU" kwa wino mwekundu, halafu "MUHIMU SANA" kwa wino wa bluu, halafu mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote kwa herufi kubwa, yote imepigiwa mstari chini. Kwenye mstari wa nne akanyamaza.

"Hapa ndipo macho huchoka," akasema.

Mimi niliendelea kuhesabu kutoka pale alipoachia. Mstari wa kumi na moja, huko chini, karibu na jina la duka letu, uliandikwa: Usiweke maji wala maziwa ndani ya mtungi wa dawa hii, hata ukiuosha.

Madam alimsomea. Gogo alisikiliza, kisha akatuambia neno ambalo bado liko ndani yangu. "Mnisamehe. Niliuosha mara tatu. Sikusoma vizuri."

Madam Jebet ni mwanamke mgumu, Mama. Simjui kwa machozi. Lakini alimshika Gogo mkono akasema, "Hapana, Gogo. Sisi ndio hatukuandika vizuri."

Tuliporudi dukani Madam akavuta kiti, akaniambia nikae kando yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Kila mtu akishika karatasi anajiuliza bila kujua: nianze wapi? Kama hatumjibu, anaanzia popote, na anaachia popote."

Ndipo nikaona kitu ambacho nashindwa kukieleza vizuri. Hakubadilisha neno hata moja. Maneno yalikuwa yale yale ya Kiprono, mistari kumi na miwili. Kwanza aliondoa picha na rangi zote, akabaki na nyeusi. Akaondoa zile herufi kubwa zilizojaa kila mahali. "Kila mstari ukipiga kelele, hakuna anayesikia," akasema. Halafu akauchukua ule mstari wa kumi na moja, akaupandisha hadi juu, akaufanya mnene na mkubwa, akauzungushia nafasi tupu pande zote, nafasi nyeupe ya kutosha kuweka sahani. Chini yake akapanga namna ya kuchanganya dawa, hatua kwa hatua, kwa herufi za wastani, kila hatua na pumzi yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la chama, simu na mwenyekiti. Ngazi tatu tu.

Akachapa moja, akaisimamisha ukutani upande wa pili wa chumba. "Funga macho nusu, kama mtu anayesinzia. Unaona nini?"

Nilifunga macho nusu. Ile ya zamani ilikuwa kama shamba lililomea magugu, nyekundu na bluu, hakuna pa kushika. Ile mpya, hata herufi sikuzisoma, lakini kitu kimoja cheusi kilikuwa kimesimama peke yake kwenye weupe, na macho yangu yakaenda pale yenyewe, bila mimi kuyatuma. Wino ni ule ule, Mama, karatasi ni ile ile, maneno ni yale yale, na moja ingeweza kumwokoa Gogo, nyingine ilimwacha anywe.

Siku iliyofuata tulienda kumwonyesha mwenyekiti wa chama ofisini kwake. Ni mzee mnene, mwenye heshima zake, hupenda kuongea akiwa amesimama. Aliitazama karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Madam, hii haijaisha. Huku juu kote ni tupu. Na mimi niko wapi?"

"Uko chini, Mzee. Na simu ya ofisi."

"Mwenyekiti awe chini? Watu watajua aje hii imetoka kwetu? Weka picha pale palipo tupu."

Kiprono alitazama viatu vyake. Madam alianza kueleza, mzee akainua mkono kumkatiza. Sijui ni nini kilinisukuma, mimi mkunja karatasi. Nilisema, "Mzee, samahani. Tumuulize mtu ambaye hajaiona."

Alinigeukia kana kwamba kiti kimeongea. Wakati huo huo aliingia mama anayewapikia chai pale ofisini, wanamwita Mama Felista, ana birika mkononi na aproni ya maua. Mwenyekiti akacheka. "Haya, muulize huyo."

Madam akainua karatasi ya zamani mbele yake, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akaificha. "Umesoma nini?"

Mama Felista akaona haya. "Nimeona Mzee. Inasema ni mwenyekiti."

Hata mzee mwenyewe alicheka. Kisha Madam akainua ile mpya, muda ule ule, akaificha.

Mama Felista aliweka birika mezani. "Inasema nisiweke maji kwa mtungi wa dawa." Nikaona uso wake unabadilika. "Hata ukiuosha?"

"Hata ukiuosha," Kiprono akasema.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Mimi niko nao. Uko jikoni kwangu nyumbani." Akavua aproni pale pale, akaiacha kwa kiti cha mwenyekiti, akatoka. Tulisikia viatu vyake vikikimbia kwenye kokoto mpaka getini.

Maji ya chai yalikuwa yanachemka chumba cha pili, kifuniko kinagonga. Mwenyekiti alisimama kidogo, halafu akaenda huko mwenyewe, akazima jiko. Aliporudi aliichukua ile karatasi mpya, akaitazama muda mrefu, na safari hii hakuigeuza. "Chapisha hivi hivi," akasema. Halafu akaongeza, "Mimi mniache huko chini."

Saa kumi jioni Mama Felista alimpigia Kiprono. Mtungi ulikuwa umejaa maji ya wajukuu, na wajukuu walikuwa bado hawajatoka shule. Ameyamwaga, na mtungi ameutoboa kwa msumari.

Basi, Mama, hilo ndilo jibu langu. Vipeperushi vyote nilivikunja mimi, na cha kwanza tulimpelekea Gogo. Na wewe tafadhali angalia nyuma ya jikoni kama Wandera aliacha mitungi ya dawa ya pamba. Yote itoboe leo, usingoje nije.

Madam ameniambia kuanzia Jumatatu niache kukunja asubuhi, nikae naye kwenye kompyuta. Kuna kitabu kidogo cha kliniki, cha akina mama wajawazito, kina kurasa nane, na anataka mimi ndiye niamue mama ataona nini kwanza. Tangu aniambie nimekuwa kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake amshike.

Nisalimie kukhu, nyanya yangu, umwambie namkumbuka kila ninapoona ugali wa wimbi. Nisalimie senge, yule shangazi aliyenifundisha kushona, na kaka Wandera na mkewe, na yule mwalimu wako wa gumbaru, namshukuru kwa kukuwezesha kuisoma barua hii bila kuomba mtu. Pasta na akina mama wa maombi ya Alhamisi wote.

Niombee, Mama. Si mikono, hiyo imeshazoea. Niombee macho.

Ni mimi binti yako,
Nekesa