Mugongo wa Papa

Saint-Gilles, 23 Februari 1998

Mutoto wangu Sidonie,

Salamu nyingi kwa jina la Yesu. Unaamuka je? Afya iko? Mimi niko muzima, ni tension ya damu tu inanisumbua, na hii baridi ya huku kwa wazungu unayoijua.

Jana kwenye soko ya dimanche, ya Jumapili, pale Gare du Midi, mwenzako Inès amenipatia enveloppe yako. Barua hakuna. Photo moja tu, na nyuma umeandika: "Maman, leo nimeona kwetu." Nikakalia caisse, sanduku ya machungwa ya Mumaroko mmoja. Akanipigia kelele, nikamwambia aniache!

Sidonie, weye ni muongo. Ulisema unaenda Guadeloupe, ngambo ya bahari, stage ya kujifunza kazi ya infirmière hospitali. Kumbe ulipita kwa siri mpaka kwetu Bukavu, ukaogopa tension yangu! Nani asiyejua ile fasi? Uko juu kule Nguba, maji ya ziwa iko chini, kisiwa cha Idjwi kile pale ngambo. Na ule muntu wa kofia kwenye kona ya photo, ameshika mukono wa kushoto nyuma ya mugongo. Miaka makumi tatu nimetembea nyuma ya ule mugongo tukienda misa. Niukose leo?

Donc basi, nimesimamisha matanga ya Papa yako. Ndugu yetu, Tonton Bertin, alikuwa amekwisha kukodi salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa, kule Schaerbeek, eti tangu tulipotezana na Papa yako kwenye njia ya Walikale, tukikimbia vita, imepita mwaka na zaidi, tumulilie, yaishe. Nimemwambia: muntu anapumua, hawamulilii matanga. Amekasirika. Akasirike.

Mwambie Papa yako ageuke. Piga photo ingine, ya uso. Nangoja.

Maman yako,
Émérance


Pointe-à-Pitre, 10 Machi 1998

Maman mupenzi,

Jambo yako. Natumaini barua hii inakukuta salama, na dawa unakunywa. Kaa chini kwanza. Umekaa?

Sikuenda Bukavu. Niko Guadeloupe kweli. Dimanche moja nilikuwa na congé, siku ya kupumzika, nikavuka na bateau kwenda kisiwa kidogo, nikapanda mulima wake. Watu wa hapa wanaita morne. Saa nzima ya jasho, mbuzi wananiangalia. Kufika juu, Maman, nikaangalia chini. Yale maji, kile kisiwa ngambo. Nikalia kama mutoto. Ni hiyo tu nilitaka kusema: nimeona kwetu. Barua ilibaki mezani, Inès alikuwa anakimbilia avion, ndege ya kurudi huko.

Na ule muntu, bon, nikuambie yote. Sikupiga photo ya mulima. Nilipiga ule mugongo. Nilisimama nyuma yake naogopa hata kukohoa. Kisha akageuka. Ni muzee wa hapa, anauza sorbet ya nazi, ile barafu tamu. Akaniuliza nataka moja ao mbili.

Nisamehe. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mutoto wako,
Sidonie


Pointe-à-Pitre, 19 Aprili 1998

Maman,

Unaendelea je? Pasaka imepita, na sijapata hata neno moja. Telefone inalia bure. Tonton Bertin anasema uko muzima, ila hutaki kuongea na muntu. Stage inaisha mwezi wa sita. Ukisema nirudi leo, narudi leo.

Mutoto wako


Saint-Gilles, 18 Mei 1998

Mutoto wangu,

Salamu. Tension imeshuka, usiogope. Sikukukasirikia weye. Nilimukasirikia ule muzee. Kwa nini aligeuka?

Samedi, Jumamosi hii, tumefanya matanga. Salle ilijaa, jirani Mbombo alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki sambaza, hata watu wa Katanga, wasio wa kwetu, walikuja. Saa ya maombi ikafika, Bertin akaniuliza: photo ya marehemu iko wapi? Tukapekua mifuko. Zote zilibaki Bukavu, kwenye ukuta. Hatuna hata moja.

Basi nikafungua Biblia yangu, nikatoa ile yako, nikaiweka mezani na bougie mbili zikiwaka. Watu wakapita mumoja mumoja, wakainama. Shangazi yako Lucienne akaiangalia sana, kisha akasema: "Ni kaka yangu kabisa. Hapendaka kupigwa photo, hata leo ametupatia mugongo." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, Sidonie, halafu nikalia mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya kurudi, panda tena ule mulima. Ukimukuta ule muzee amesimama anaangalia maji, simama nyuma yake kidogo, kwa ajili yangu.

Usimwambie ageuke.

Maman yako