Dirisha la Mama

Jumatatu, 7 Julai. Bigwa.

Dawa ya macho asubuhi, kama kawaida. Tone moja kila jicho, ingawa la kulia limeshakufa na ninalitilia kwa heshima tu. Kisha chai. Kisha kukaa barazani kuutafuta mlima wa kwetu. Ukungu. Tangu nishuke kwenye treni sijauona.

Daktari wa Tabora hakunificha. Presha ya macho imekula pembeni. Jicho la kushoto limebaki na tundu la katikati, nalo linazidi kusinyaa. Kilichokwenda hakirudi. Ndiyo maana nimekuja sasa.

Nataka kuona kitu kimoja. Ndani ya korongo la mlimani, juu ya mahali palipokuwa na mashamba yetu kabla mpaka wa msitu haujawekwa tukahamishwa, kuna pango. Mwisho wa pango mwamba una tundu, na nje ya tundu maporomoko yanashuka. Jua la asubuhi likiyapiga, maji yanawaka. Mama alinipeleka mara moja tu, sijaanza shule. Aliliita Dirisha.

Wanangu wameisikia habari hiyo mpaka wameichoka. Mkubwa anaamini niliisoma kitabuni. Nimetunza maktaba ya chuo maisha yangu yote, kwa hiyo simlaumu. Siku nyingine nami huhofia hivyo hivyo.

Jumatano, 9 Julai. Kijijini, ukingoni mwa msitu.

Zuhura, binti wa marehemu dada yangu ninayekaa kwake Bigwa, amefunga duka lake la vitenge akanileta. Gari liliishia barabara ilipoishia. Tukapanda kwa miguu, mimi nikishika bega lake.

Sikuwa tayari. Nimesoma sana habari za misitu, na hakuna nilichosoma kilichonisaidia. Miti inaanza ghafla, kama ukuta wa msikiti. Chini yake baridi, harufu ya udongo uliolowa, na makangaga yenye majani kama manyoya, marefu kama minazi. Ndevu za kijani zinaning'inia kila tawi. Mbega mmoja alivuka juu yetu, mkia mweupe nyuma yake. Nilimpata katikati kabisa ya tundu langu. Nikasimama. Zuhura alidhani nimechoka. Nilikuwa nalia.

Anayepeleka wageni ni Bi Chiku, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya kuitia ng'ambo ya mto. Alinipa shikamoo kwa magoti. Akaniuliza ukoo wangu. Nikamtajia. Akanipa chai na magimbi, akanieleza kwa adabu kwamba wageni huishia juu, ukingoni mwa korongo, wakapiga picha wakarudi. Pangoni huingia wenyewe tu. Hifadhi ni ya serikali, lakini pango lina watu wake.

Nilimweleza mambo ya macho yangu. Akasikitika. "Pole sana, mzee wangu. Ukingoni utaona vizuri tu, nitakushika mkono."

Heshima yake ilinikata kuliko tusi. Nilizaliwa hapa. Nimekuwa mgeni.

Alhamisi, 10 Julai.

Nilifanya kosa ambalo mtoto wa hapa asingelifanya. Bi Chiku aliniuliza ukoo, nami nikataja wa baba. Shuleni, kazini, Tabora, miaka yote nimeitika jina la baba, mpaka nimesahau kwamba Mluguru ni wa mama yake. Ardhi ni ya mama, kaburi ni la mama, na pango ni la mama.

Zuhura ndiye aliyenikamata, nilipomsimulia wakati wa kunywa uji. "Mjomba, ulimwambiaje Bi Chiku? Ukoo wa babu? Babu si alikuja kuoa tu hapa!" Akacheka mpaka uji ukamwagika.

Nikaenda uani kwa Bi Chiku, anamenya maharage, nikautaja ukoo wa mama. Akaacha kumenya.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kumbe ni wewe, mwizi wa magimbi!" Akasimama na ungo wake. "Nimekupigia magoti bure! Nirudishie shikamoo yangu, na chai yangu uitapike! Wamekulisha michembe ya viazi huko Tabora mpaka umemsahau aliyekuzaa?"

Ukoo wake na ukoo wa mama ni watani. Tangu zamani hakuna wa kwetu anayeingia pangoni bila mtani kumtangulia akimtukana njia nzima, ili asifike mle na majivuno. Nilikuwa nimesahau. Mwili haukusahau: nilijikuta nikimjibu kwamba babu zake walikuwa wakipika mawe. Akafurahi sana.

Tulipanga kwenda kesho. Mchana mvua ikaanza.

Ijumaa, 11 Julai.

Mvua. Korongo linanguruma hadi huku. Bi Chiku kasema hapana, mawe yana utelezi, na bila jua hakuna cha kuona mle.

Leo nimeikosa sahani iliyokuwa mbele yangu. Mkono umetua mezani, kando. Zuhura akaisogeza.

Naogopa. Siogopi kuanguka. Naogopa kufika na kukuta ukuta.

Jumamosi, 12 Julai.

Kumepambazuka kweupe. Andika polepole, mzee.

Tumeshuka korongoni, Bi Chiku mbele, Zuhura nyuma. Kuta za mwamba zimepanda pande zote hadi anga likabaki utepe. Maji chini yakipiga kelele kama soko. "Kanyaga hapo, kichwa cha gimbi! Ukianguka sikubebi, nakuuza kwa mbega!" Kila tusi lilikuwa jiwe la kukanyaga. Zuhura hakuthubutu kucheka. Alikuwa ameshika mkanda wangu kwa mikono miwili.

Mdomo wa pango ni mdogo. Bi Chiku akamwita mama yangu kwa jina, akimwambia mwanawe amerudi, mzee, mbaya wa sura, hana hata kuku mkononi. Kuanzia hapo hakuna matusi.

Ndani sikuona kitu. Giza tupu kwangu. Nikapapasa ukuta, baridi na maji. Tukapinda mara moja. Nikafikiri: mwanangu yuko sahihi, ni kitabu.

Kisha likawa mbele yangu.

Tundu la ukubwa wa ungo. Ndani yake maji yanashuka, na jua limeyaingia, na yanawaka meupe, kisha dhahabu, kisha rangi ambayo sina jina lake nami nimeishi kwa majina ya vitu. Yalishuka bila kwisha. Nimesimama. Nikasahau kwamba nina umri.

Nikamuuliza Zuhura, mwenye macho mazima, anaona nini.

"Naona tundu, mjomba, na maji yanayowaka. Pembeni kote giza."

Ndicho nilichokuwa nakiona mimi. Hicho hicho, chote. Tangu ugonjwa uanze, popote nilipo na watu, wao huona zaidi yangu. Mle hakuna aliyenizidi.

Jumatatu, 14 Julai. Bigwa.

Dawa. Chai. Baraza.

Nimempigia mkubwa simu. Nilianza kumweleza, akasema, "Baba, si ulishatueleza." Nikampa Zuhura simu. Akaongea naye muda mrefu, akionyesha kwa mikono, kama vile yule anamwona.

Bi Chiku ametuma mkungu wa ndizi, na salamu kwamba ni za mwizi, asile zote.

Mlima uko wazi leo. Naukamata vipande vipande, kilele kwanza, kisha msitu, kisha ule mkunjo mweusi wa korongo. Kipande kimoja, nahamisha kichwa, kingine. Sina haraka.